Mawimbi ni ya raia pia: jeshi lipime vyombo vyake kabla ya kuviwasha

KOLWEZI – Kuna vita vinavyopiganwa juu ya vichwa vyetu bila mlio. Havitoi moshi, haviachi shimo ardhini, na asubuhi hakuna anayeweza kupiga picha ya kuonyesha kilichotokea usiku. Ni vita vya mawimbi ya redio. Wanaoumia wa kwanza ni watu wasio na antena wala jenerali: mama aliyekimbia na watoto wake, mgonjwa anayengoja dawa ziletwe kwa ndege, mzee anayesikiliza redio apate kujua kama barabara ya kwao imefunguliwa.

Nitasema mapema ninachodai, ili asiyekubaliana nami ajue pa kunishika. Nadai kwamba kila chombo cha kijeshi kinachotoa mawimbi, au kinachoweza kuvurugwa na mawimbi, kipimwe kabla hakijawashwa karibu na raia. Kipimo kifanywe mbele ya mamlaka ya kiraia, na matokeo yanayohusu usalama wetu yatangazwe. Hilo liwe kwa jeshi letu la FARDC, kwa majeshi ya kigeni yaliyoalikwa na yasiyoalikwa, na kwa walinda amani pia. Asiyetaka kupima atueleze anaficha nini.

Najua kuna msomaji wa Manika au Dilala atakayesema: mambo ya jeshi yanatuhusu nini sisi watu wa shaba? Avumilie kidogo. Tuanze na ndugu zetu wa mashariki, kisha tutarudi nyumbani.

Yaliyotokea Kivu ya Kaskazini

Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia vikwazo vya silaha nchini Kongo waliandika kwamba ishara za GPS zilikuwa zikizibwa na kughushiwa katika Kivu ya Kaskazini, karibu na maeneo yaliyoshikwa na M23 na wanajeshi wa Rwanda, na kwamba ndege zilikuwa hatarini. Julai mwaka huo huo Marekani ililaani jambo hilo katika Baraza la Usalama na ikalihusisha na jeshi la Rwanda pamoja na M23. Kigali, kama ilivyo desturi yake, imekana kuwaunga mkono waasi hao.

Kuziba na kughushi ni mambo mawili tofauti. Kuziba ni kupiga kelele nyingi kwenye masafa yale yale mpaka sauti ya setilaiti isisikike. Kughushi ni kuiga sauti ya setilaiti na kusema uongo kwa sauti hiyo, mpaka ndege iamini iko mahali ambapo haipo. Ukizibiwa, angalau unajua kwamba umepoteza njia. Ukidanganywa, unaendelea mbele kwa ujasiri kuelekea mlimani.

Mtu atauliza: setilaiti ni kitu kikubwa cha mataifa makubwa, inawezaje kushindwa na mashine iliyobebwa na gari? Jibu lipo kwenye umbali. Setilaiti za GPS ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, na nguvu ya ishara yake ni kama ya balbu moja tu. Ikifika ardhini imedhoofika kiasi kwamba chombo chako kinaisikia kwa shida, kama mtu anayenong'ona ng'ambo ya ziwa. Mashine ya wati chache ikikaa kilimani kwenye masafa ya 1575.42 MHz, ambayo ndiyo masafa makuu ya GPS ya raia, inatosha kufunika mnong'ono huo kwa kilomita nyingi. Na kadiri ndege inavyopanda ndivyo inavyozidi kuonana na mashine ile, kwa kuwa hakuna tena mlima wa kuikinga.

Sasa fikiria rubani wa misaada anayeshuka kuelekea Goma. Mawingu yametanda. Mbele yake kuna Nyiragongo, mita 3,470. Nyuma yake kuna masanduku ya chanjo na madaktari wawili. Chombo chake kinamwambia yuko juu ya ziwa. Je, yuko juu ya ziwa kweli? Rubani mwenye akili atageuza ndege arudi alikotoka. Hapo hakuna aliyekufa, na hakuna gazeti litakaloandika habari hiyo. Lakini chanjo hazikufika. Kambini Bulengo, Lac Vert, Kanyaruchinya, watu walioambiwa wangoje kesho waliendelea kungoja. Nchi hii imekuwa na zaidi ya watu milioni 7 waliohama makwao. Kwa watu kama hao, ndege iliyorudi na ndege iliyoanguka zina matokeo yanayokaribiana.

Wala si ndege peke yake. Minara mingi ya simu hupanga saa zake kwa kufuata GPS. Ikikosa saa hiyo kwa muda mrefu, mtandao huanza kuyumba. Nani asiyejua maana yake katika nchi hii? Mkimbizi wa ndani hana benki. Msaada wake unakuja kwa simu. Pesa ambazo kaka yake wa Kolwezi alizipata kwa kusukuma toleka mgodini zinapita kwenye simu. Habari kwamba mtoto aliyepotea njiani ameonekana Minova inapita kwenye simu. Na pale simu isipofika, inapita kwenye foni, ile redio ya masafa ya mbali iliyo kwenye misheni, kwenye hospitali na kwa mashirika. Ukivuruga hewa, umekata kamba zote hizo kwa mkono mmoja.

Chombo kisichopimwa ni kama jirani mlevi

Hapa watu wengi hukosea. Hudhani shida ni adui anayevuruga kwa makusudi tu. Kuna shida ya pili ambayo haizungumzwi: vyombo vinavyovurugana bila mtu kukusudia, kwa sababu hakuna aliyevipima vikiwa pamoja.

Jambo hili tunalijua nyumbani. Ukiweka simu karibu na spika, simu ikitaka kulia, spika inakoroma kabla simu yenyewe haijalia. Fundi wa kuchomelea akianza kazi mtaani, redio ya jirani inapasuka masikio. Jenereta bovu likiwashwa SNEL inapokata, televisheni ya parsele ya pili inachorwa mistari. Hakuna aliyetaka kumuudhi mwenzake. Ni kwamba kila kifaa cha umeme kinatupa takataka zake hewani na kwenye nyaya, na kila kifaa kina kiasi chake cha kuvumilia takataka za wengine.

Jeshi ni parsele yenye vyombo elfu moja kama hivyo, na baadhi yake vinaua. Ndiyo maana majeshi makubwa yana kazi maalumu ya kupima. Wamarekani waliandika kanuni yao mwaka 1967, inaitwa MIL-STD-461, na wamekuwa wakiirekebisha tangu hapo. Ukiondoa hesabu, kanuni hiyo inauliza maswali manne ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuyashika. Je, chombo hiki kinatupa uchafu kupitia nyaya zake? Je, kinatupa uchafu hewani? Je, kinavumilia uchafu unaoletwa na nyaya? Je, kinavumilia uchafu unaokuja kwa hewa? Chombo kinaingizwa katika chumba kilichofunikwa kwa madini pande zote ili mawimbi ya nje yasiingie, kinawashwa, na antena zinasikiliza. Baadaye gari zima au ndege nzima inapimwa kila kitu kikiwa kimewashwa: redio, rada, injini, taa, pamoja na vilipuzi vinavyowashwa kwa umeme. Na kabla ya hayo yote, kuna swali la masafa: chombo hiki kitasemea wapi, na nani mwingine tayari anasemea hapo?

Anayefikiri haya ni mapambo ya wazungu wenye pesa nyingi akumbuke meli ya kivita ya Uingereza, HMS Sheffield. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, meli hiyo ilikuwa ikizungumza kwa setilaiti. Mawasiliano hayo yalivuruga chombo chake chenyewe cha kuonya kwamba rada ya adui inaitazama. Ndege za Argentina zikarusha kombora la Exocet, na mabaharia 20 wakafa. Kulikuwa na sababu nyingine pia, lakini hiyo ilikuwa mojawapo: meli ilijiziba masikio kwa mdomo wake.

Na wazee wetu wa Kolwezi wana mfano wao. Tarehe 19 Mei 1978, askari wa Legion ya Ufaransa waliporuka juu ya mji huu, walipewa miavuli ya Kimarekani. Mifuko yao ya vifaa ilikuwa ya Kifaransa na haikushika kwenye miavuli ile. Ikabidi waifunge kwa waya dakika za mwisho. Ule haukuwa ugomvi wa mawimbi, lakini ugonjwa ni ule ule: vyombo viwili vizuri, kila kimoja kimepimwa kwao, vinakutana kwa mara ya kwanza katikati ya vita. Safari ile waya ulisaidia. Mawimbi hayafungwi kwa waya.

Tazama basi jinsi Kivu ilivyokuwa mwaka 2024. Katika mabonde yale yale kulikuwa na FARDC, Wazalendo, askari wa Burundi, kikosi cha SADC chenye watu wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, walinda amani wa MONUSCO, na upande wa pili M23 na wanajeshi wa Rwanda. Kila mmoja na redio zake, wengine na rada zao, wengine na mashine zao za kuziba. Serikali yetu ilikuwa imenunua droni za CH-4 kutoka China, nazo zinaongozwa kwa mawimbi na zinategemea setilaiti kujua njia. Katikati ya kelele hizo wamo foni ya hospitali, redio ya mtaa na helikopta ya misaada. Ni soko ambapo kila muuzaji ana kipaza sauti chake na hakuna mwenye soko. Unashangaa nini mteja asiposikia bei?

Kipimo ni shahidi

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote.

Ndege ikipoteza njia, au redio ya mtaa ikizama kwenye kelele kwa siku tatu, nani alifanya? Upande mmoja utasema ni adui. Upande wa pili utasema ni mashine mbovu za upande wa kwanza. Wa tatu atasema ni jua, ni radi, ni fundi wa redio asiyejua kazi. Wote watatu wataweza kuwa wanasema kweli, kwa maana hakuna aliyeandika popote mashine ya nani inatoa nini, kwa nguvu gani, na kufika wapi.

Chombo kilichopimwa kina alama zake. Karatasi ya kipimo inasema: mashine hii, ikiwashwa, inasikika kwenye masafa haya na kwa umbali huu. Siku balaa litakapotokea, wachunguzi wanalinganisha kelele waliyoirekodi na karatasi, kama polisi anavyolinganisha ganda la risasi na bunduki. Pasipo karatasi hakuna bunduki. Kuna malalamiko tu, na malalamiko ya mkimbizi hayajawahi kumpeleka mtu mahakamani.

Ndiyo maana sisemi kupima ni suala la mafundi. Ni suala la haki. Aliyekimbia Sake au Rutshuru amenyang'anywa nyumba na shamba, na ushahidi wa hayo upo: picha, majirani, makaburi. Kwa madhara ya mawimbi hana hata hicho. Asipopewa kipimo, ameumizwa na kitu ambacho wakubwa wataapa hakikuwepo.

Na Kolwezi je?

Nilisema tutarudi nyumbani.

Kwanza, tunaishi kando ya baruti. Kila anayekaa karibu na migodi anajua king'ora, anajua mtikisiko, anajua bango linaloagiza kuzima simu na motorola kabla ya kuingia eneo la kulipua. Bango lile si ushirikina. Kiwashio cha umeme kina nyaya mbili, na nyaya zikitandazwa chini zinaweza kugeuka antena. Wimbi lenye nguvu likizipitia linaweza kuzaa umeme wa kutosha kuwasha kabla ya wakati. Kwa sababu hiyo migodi duniani ina majedwali ya umbali: redio ya nguvu fulani isikaribie kwa mita kadhaa. Migodi mingi siku hizi inatumia viwashio vya aina nyingine vilivyo salama zaidi, na hilo ni jema. Lakini mwaka 2019 wanajeshi walitumwa Tenke Fungurume na kwenye eneo la KCC kuwaondoa wachimbaji wadogo. Wanajeshi wana magari yenye redio za nguvu. Na duniani kote misafara ya wakubwa huwa na mashine za kuziba ishara zinazoweza kulipua bomu la njiani. Nauliza swali la kawaida: nani anahakikisha kwamba gari la namna hiyo halikatizi karibu na eneo linaloandaliwa kulipuliwa? Mwenye mgodi anajua jedwali lake, lakini nguvu ya redio ya jeshi hajui. Jeshi linajua redio yake, lakini ratiba ya baruti halijui. Kati ya hao wawili wapo wachimbaji wetu na watoto wanaookota mawe.

Pili, sisi wa redio tunaishi jirani na ndege, kwa masafa. FM inaishia 108 MHz. Vyombo vya kuongoza ndege kutua vinaanzia pale pale, na sauti za marubani ziko kati ya 118 na 137. Mtambo mbovu wa FM unaweza kumwaga uchafu wake kwenye masikio ya rubani. Kwa hiyo redio ya mtaa yenye wati mia moja inatakiwa kuwa na ruhusa, kulipia masafa na kufunga kichujio, na ikikosa karatasi inafungwa. Ni sawa, sina ubishi na hilo. Lakini niambieni, ni haki gani inayombana mtangazaji mwenye wati mia moja na kumwacha mwenye lori la kuziba masafa ya mji mzima apite bila kuulizwa hata jina?

Tatu, shaba. Kongo sasa ni ya pili duniani kwa kuchimba shaba na ya kwanza kwa kobalti, na sehemu kubwa inatoka kwenye ardhi hii ya Lualaba. Shaba ndiyo inayosukwa kuzunguka nyaya za vyombo vya kijeshi ili kelele isiingie wala kutoka. Ndiyo inayotandikwa kwenye kuta za vyumba vya kupimia. Kobalti imo katika sumaku zinazotumika kwenye rada na makombora. Mtaa wa watu unahamishwa ili shimo lipanuke, shaba inapanda lori hadi Kasumbalesa, na mwisho wa safari inakuwa ngao ya chombo cha mtu mwingine. Chombo kina ngao. Familia iliyo chini ya chombo haina. Kama madini yetu yanaweza kulinda mashine zao, heshima yao inaweza kulinda watu wetu.

Majibu kwa wanaopinga

Wa kwanza anasema: hizi ni siri za jeshi, mwandishi kaa kimya. Hatuombi namba za siri wala mipango ya vita. Tunaomba mipaka: kelele inafika wapi, na masafa gani hayaguswi. Jeshi la Marekani likitaka kujaribu kuziba GPS katika jangwa la White Sands, marubani wa kiraia hupewa tangazo kabla: siku gani, saa ngapi, eneo gani, mtaweza kupoteza GPS. Kama wao wanatangaza wakiwa jangwani, sisi tunafichaje juu ya mji wenye watu?

Wa pili anasema: jeshi halifungwi na sheria za mawasiliano. Nusu ya kweli. Katiba ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, kifungu cha 48, inayaachia mataifa uhuru juu ya redio za kijeshi. Lakini kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba redio hizo, kwa kadiri inavyowezekana, zinapaswa kufuata masharti ya kusaidia walio katika dhiki na ya kuzuia uvurugaji wenye madhara. Kongo ni mwanachama. Rwanda ni mwanachama. Wanaosoma mstari wa kwanza na kuruka wa pili hawajasoma.

Wa tatu anasema: adui hapimi, kwa nini tupime sisi? Kwa sababu kipimo kinamlinda kwanza askari wetu. Mashine yetu ya kuziba isiyopimwa haimjui rafiki. Itaziba droni yetu, itaziba redio ya kikosi chetu kinachoomba msaada, itaziba ndege inayombeba majeruhi wetu. Askari wa mstari wa mbele anayeita bila kujibiwa hajali kama aliyemziba ni adui au ni lori la nyuma yake.

Wa nne anasema: hatuna pesa. Hatudai kesho asubuhi kijengwe chumba cha madini huko Kinshasa. Muuzaji wa silaha ana karatasi za vipimo vya chombo chake, basi zidaiwe kabla ya kulipa. Hata anayenunua pikipiki huiwasha kwanza, huisikiliza, huizungusha. Nchi inanunua droni kwa mamilioni ya dola, kisha inashindwa kununua chombo cha kusikiliza masafa na kumfundisha fundi wa kukitumia?

Wa tano, na huyu ananiuma zaidi, anasema: wenye njaa hawana haja na mawimbi, wana haja na unga. Unga unakuja na nini, ndugu yangu? Barabara zikikatwa, unakuja kwa ndege. Uwanja wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa M23, na tumeona wote ilivyokuwa. Kufungua uwanja si kufagia njia ya ndege tu. Ndege inahitaji mnara unaosikika na setilaiti isiyodanganywa. Azerbaijan walijifunza kwa uchungu tarehe 25 Desemba 2024: ndege yao ya abiria ilikuta GPS imezibwa karibu na Grozny, katika anga lenye vita, ikapigwa, ikaanguka ng'ambo ya bahari ya Kaspi. Watu 38 kati ya 67 walikufa. Hawakuwa askari.

Tunachodai

Madai yangu ni matano, na yeyote anaweza kuyabeba kwenda nayo kwa mbunge wake, kwa liwali, au kwenye mkutano wa mashirika ya raia.

Moja: mkataba wowote wa kununua chombo cha kijeshi chenye redio, rada, droni au mashine ya kuziba uwe na karatasi za vipimo, na chombo kijaribiwe tena hapa nchini pamoja na vyombo vingine kitakavyofanya navyo kazi.

Mbili: mamlaka ya mawasiliano ARPTC, mamlaka ya usafiri wa anga wa kiraia na RVA wawe na mtu wao siku ya kipimo. Anayeruhusu masafa ya raia lazima ajue nani mwingine atayatumia.

Tatu: iwepo orodha ya masafa yasiyoguswa na yeyote, wakati wa vita na wakati wa amani. 121.5 MHz ambayo ndege hulilia msaada. 406 MHz ya vifaa vya kuita uokoaji. Masafa ya GPS kwenye njia za ndege za misaada. Foni za hospitali. Redio ambazo wakimbizi wanazisikiliza.

Nne: kuvuruga kwa makusudi kuhesabiwe kuwa kuvunja usitishaji wa mapigano, sawa na kurusha bomu. Kongo na Rwanda zilitia saini mapatano Washington tarehe 27 Juni 2025, na Kinshasa na M23 walitia saini tamko la Doha tarehe 19 Julai 2025. Wanaosimamia utekelezaji wasiishie kuhesabu risasi. Wapewe antena.

Tano: migodi na wanajeshi wa Lualaba wakae meza moja, wapashane ratiba ya baruti na nguvu za redio. Hili halingoji Washington wala Doha. Liwali anaweza kuliitisha wiki hii.

Nanyi wasikilizaji mna kazi yenu, hasa ninyi mlio kwenye familia za kupokea wageni na ninyi mliokimbia. Redio ikikoroma ghafla, simu zote za mtaa zikikosa mtandao kwa pamoja huku umeme upo, foni ikifunikwa na mlio usiokatika, msiseme tu «ni kawaida ya Kongo». Andikeni kwenye daftari: siku, saa ilipoanza, saa ilipoisha, mahali, kituo gani au mtandao gani, na mlio ulikuwa wa namna gani. Kama mna simu yenye nafasi, rekodini dakika moja. Muulizeni jirani wa mtaa wa pili kama naye ameona. Kisha pelekeni kwenye redio iliyo karibu nanyi au kwa shirika la raia mnaloliamini. Mtu mmoja akiandika, ni lalamiko. Watu arobaini wakiandika saa ile ile kutoka mitaa minne, hiyo ni ramani.

Jeshi likikataa kupima kutoka juu, tutapima kutoka chini kwa daftari na kalamu. Lakini itakuwa aibu ya taifa kwamba nchi inayochimba shaba ya kukinga mitambo ya dunia ilimwachia mama wa kambini kazi ya kuchunga anga lake.